Tani za mashine ya kupasulia kuni ni tani za nini?

Baba mdogo ana ekari mbili za mikaratusi nje kidogo ya Bombo, na mwaka huu mgongo wake umekataa shoka. Tukaenda Kampala kutafuta mashine ya petroli ya kupasulia kuni. Dukani tulikuta moja, nyekundu, ubavuni imebandikwa karatasi: tani 30. Akanigeukia.

"Mwanangu, hizi tani thelathini ni uzito wake, au ni kuni inazopasua kwa siku?"

Muuzaji akawahi kujibu: "Ni za siku, mzee."

Si za siku, na wala si uzito. Na kwa kuwa namba hiyo ndiyo inayopandisha bei kuliko kitu kingine chochote kwenye mashine hii, ni vizuri kuielewa kabla pesa haijatoka mfukoni.

Tani zinazoandikwa hapo ni nguvu ya msukumo. Mashine ya tani 15 huibana kabari kwenye gogo kwa nguvu ileile ambayo mzigo wa kilo 15,000 ungeibana kama ungewekwa juu yake. Yenyewe inaweza kuwa na kilo 200 tu. Injini haisukumi kabari moja kwa moja. Inazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta ya haidroliki yaingie kwenye silinda, na mafuta hayo ndiyo yanayosukuma pistoni, nayo inasukuma kabari. Ni kazi ileile unayoiona lori la tipa linapoinua mchanga, au jeki ya gereji inapoinua gari.

Hesabu yake ni ya kuzidisha mara moja: presha ya mafuta mara eneo la uso wa pistoni. Pampu nyingi za mashine hizi hufikia presha ya kilo 200 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Pistoni yenye kipenyo cha sentimita 10 ina uso wa sentimita za mraba 78.5. Zidisha kwa 200, unapata kilo 15,700, yaani karibu tani 16. Pistoni ya sentimita 12.5, kwa presha hiyohiyo, inatoa zaidi ya tani 24. Angalia jinsi sentimita mbili na nusu zilivyoongeza nguvu kwa zaidi ya nusu. Ndiyo maana kipenyo cha pistoni ni swali la kwanza kumuuliza muuzaji, na asipokijua, pima mwenyewe.

Sisi tulipima kwa uzi. Niliuzungusha kwenye silinda, nikaunyoosha juu ya rula: sentimita 34.5. Gawanya kwa 3.14, unapata kipenyo cha nje cha sentimita 11. Toa unene wa chuma, kama nusu sentimita kila upande, inabaki pistoni ya sentimita 10. Yaani mashine ya tani 16, si 30. Ili pistoni hiyo itoe tani 30 ingehitaji presha karibu mara mbili ya ile ambayo pampu za aina hii hutoa. Iliniuma, kwa sababu baba mdogo alikuwa tayari kulipa bei ya tani 30, na pesa yenyewe ni ya miti aliyoipanda kwa mikono yake.

Ukisoma matangazo ya mashine za Marekani, kumbuka mambo mawili. Tani yao ni kilo 907, kwa hiyo tani zao 20 ni kama 18 za kwetu. Na wanapoandika "gas" wanamaanisha petroli, si gesi ya mtungi wa jikoni.

Tani, hata hivyo, hazikuambii mwendo. Mwendo unatokana na lita ambazo pampu inasukuma kwa dakika. Silinda ya sentimita 10 ambayo pistoni yake inasafiri sentimita 60 inameza lita 4.7 za mafuta. Pampu ya lita 40 kwa dakika itaijaza kwa sekunde 7. Ila pampu nzuri za kazi hii zina hatua mbili: kabari ikiwa haijakutana na ugumu, mafuta huenda mengi kwa presha ndogo, ikigota, pampu inabadilika yenyewe, mafuta yanapungua hadi kama robo, na presha inapanda.

Mabadiliko hayo utayasikia. Weka pingili ya mkaratusi uliokatwa juzi. Kabari inakuja haraka, inagusa mti, injini inabadili sauti na kunguruma kwa uzito, kabari inatembea polepole. Maji yanatoka kwenye ufa mpya, harufu ya majani ya kujifukizia homa inapanda, halafu mti unalia mara moja na vipande viwili vinaachana. Wanaoiona mara ya kwanza hudhani mashine imeharibika pale inapopunguza mwendo. Haijaharibika, hapo ndipo tani zinafanya kazi.

Nguvu za farasi ni habari nyingine. Injini haiongezi tani, lakini ikiwa dhaifu itazimika kabla presha haijafika juu. Kusukuma lita 10 kwa dakika kwa presha ile ya 200 kunataka nguvu za farasi 5 na kidogo, ukihesabu na zinazopotea njiani. Injini ya 6.5 inatosha pale hewa ilipo nzito, yaani nchi za chini. Huku kwetu kila mita 1,000 za mwinuko huila injini kama asilimia 10 ya nguvu. Kampala, karibu mita 1,200, bado inakwenda. Kabale, karibu mita 2,000, injini hiyo itabaki na 5.2 hivi, na itakuwa inahema. Mtu wa milima ya Kigezi, huko Kabale, achukue injini kubwa zaidi kabla ya kufikiria kuongeza tani.

Je, wewe unahitaji ngapi? Pima miti yako, siyo matamanio. Mkaratusi ulionyooka usiozidi sentimita 30 hupasuka vizuri kwa tani 10 hadi 15, mradi uupasue ungali mbichi, kwa sababu ukikauka unakuwa mgumu sana. Kuni zilizopasuliwa pia hukauka upesi kuliko gogo zima, ambalo gamba lake hufungia maji ndani. Mwembe mnene wenye mafundo na nyuzi zilizosokotana ndio unaotaka 20 au zaidi. Na kwa nyumba inayopikia mafiga kwa mzigo mmoja wa kuni, mimi nasema shoka lenye makali na kabari ya chuma vinatosha kabisa. Mashine ina maana kwa anayeuza kuni, anayepikia shule, au majirani wanaochanga na kuitumia kwa zamu.

Baba mdogo aliichukua ileile nyekundu, kwa sababu mikaratusi yake mingi haifiki sentimita 25, lakini baada ya uzi ule kuoneshwa bei ilishuka sana.

Jambo nililomsisitizia njiani lilikuwa mikono. Tani 16 zinazotembea polepole hazisimami kwa sababu zimekuta kidole. Mtu mmoja tu ashike mkono wa vali, ule unaoendesha kabari, na aweke gogo mwenyewe; msaidizi anayeweka gogo huku mwingine akivuta mkono ndiye anayeumia. Injini iwashwe nje, kamwe si ndani ya banda, maana moshi wake unaua. Na paipu ya mafuta ikivuja, usiipapase kutafuta tundu. Kwa presha ile, mafuta hutoka membamba kama sindano na kupenya ngozi. Pitisha kipande cha boksi kando ya paipu, kitaloa penye tundu. Yakikuingia mwilini, hata kama alama ni ndogo kama ya mwiba na haiumi, nenda hospitali saa hiyohiyo na uwaambie ni mafuta ya haidroliki.