Helmeti ya Dhahabu ya Pardubice: yanayosemwa na yaliyotokea

Anayeanza kufuatilia spidiwei leo, mbio za pikipiki zisizo na breki kwenye njia fupi ya udongo yenye umbo la yai, huelekezwa haraka Poland, kwenye ligi yenye fedha na mashabiki wengi. Akitaka historia huelekezwa Uingereza, kwenye usiku wa Wembley uliompata bingwa wa dunia kwa miaka mingi. Jamhuri ya Cheki hutajwa mwishoni, kama nchi ndogo iliyodandia safari ya wenzake. Naona huko ni kuipunja historia. Klabu ya Pardubice, mji ulio kiasi cha kilomita 100 mashariki ya Praha, inaandaa shindano ambalo umri wake unaupita ubingwa wa dunia wenyewe, na ndilo lililoipa klabu hiyo jina: Zlatá přilba, Helmeti ya Dhahabu. Kwa kuwa habari nyingi hutufikia kupitia macho ya Waingereza na Wapoland, mengi yanayosemwa kuihusu hayako sawa.

"Wacheki walichelewa, wakaiga Waingereza"

Mchezo huu haukuanzia Ulaya. Mbio za West Maitland, Australia, mwaka 1923 ndizo zinazotajwa zaidi kama chimbuko lake, na Uingereza iliupokea kwa kishindo Februari 1928, pale High Beech pembezoni mwa London. Helmeti ya Dhahabu ilishindaniwa Pardubice kwa mara ya kwanza mwaka 1929. Hesabu ni rahisi: mwaka mmoja tu baada ya High Beech. Fainali ya kwanza ya ubingwa wa dunia ilifanyika Wembley mwaka 1936, wakati watu wa Pardubice walikuwa wameshaizoea helmeti yao kwa miaka 7.

Ila haki itendeke pande zote. Zile mbio za 1929 hazikuwa spidiwei kama tunavyoijua. Anayedai kwamba Wacheki "walikuwa na spidiwei tangu 1929" naye anapotosha, kwa upande wa pili.

"Uwanja ni uleule tangu mwanzo"

Hapa ndipo penye utamu wa habari hii. Pardubice ulikuwa mji wa farasi kabla haujawa mji wa pikipiki. Tangu 1874 hufanyika hapo Velká pardubická, mbio za farasi za kuruka vizuizi na mitaro, miongoni mwa zile ngumu kabisa barani Ulaya. Wapenda pikipiki wa mji huo walipotaka shindano lao hawakujenga uwanja. Walichukua ule wa farasi. Mbio za kwanza zilikwenda juu ya majani, kwenye mzunguko mrefu kuliko njia yoyote ya spidiwei ya leo, katika sehemu zilizonyooka ambapo pikipiki ilikimbizwa kwa nguvu zake zote, na kundi kubwa la wapandaji liliondoka kwa pamoja.

Shindano la namna hiyo hudai mengine. Kwenye njia fupi, anayetoka vizuri mstarini ameshinda nusu ya kazi. Kwenye uwanja wa farasi, injini ilipaswa kuhimili kufunguliwa kwa muda mrefu bila kupumzishwa, na mpandaji alilazimika kusoma ardhi iliyochimbwa kwa kwato, yenye unyevunyevu wa vuli. Wageni kutoka nchi jirani walikuja tangu miaka ya 1930. Vita Vikuu vya Pili vilikatiza mashindano, kisha yakarudi, na jina la Hugo Rosák, mshindi wa zaidi ya mara moja, likawa kubwa katika miaka ya baada ya vita. Ni katika miaka ya 1960 tu ndipo mbio zilipohamishwa kwenda kwenye njia maalumu ya spidiwei huko Svítkov, kitongoji cha Pardubice. Maana yake ni kwamba Helmeti ya Dhahabu iliishi zaidi ya miaka 30 bila kuwa na njia yake yenyewe.

"Spidiwei daima ni wapandaji wanne"

Kwa kawaida, ndiyo. Wanne husimama nyuma ya utepe, utepe unaruka juu, wanazunguka mara nne kinyume na mwendo wa saa, na baada ya dakika moja hivi imekwisha. Wa kwanza anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho hapati kitu.

Pardubice hushindanisha sita. Mimi nauona utaratibu huo kama mabaki hai ya zile mbio za kwenye majani, na natumaini hakuna atakayeuondoa kwa jina la usasa. Wapandaji sita wakiingia kona ya kwanza kwa pamoja, hesabu zote hubadilika. Aliyezoea kubana ukingo wa ndani anakuta wawili tayari wamebana. Aliye nje kabisa ana njia ndefu zaidi, lakini pia ndiye mwenye nafasi ya kupumua na udongo mzito wa kushika tairi. Bingwa wa dunia aweza kufika hapo na kufungwa na kijana wa klabu ya wenyeji kwa sababu tu kijana yule anaijua kona ile vizuri zaidi. Ole Olsen wa Denmark, bingwa wa dunia mara tatu, aliweza kuitwaa Helmeti, na ushindi wake una uzito kwa sababu hiyo.

"Bila breki ni wazimu mtupu"

Dhana hii si ya Pardubice pekee, lakini haikwepeki. Pikipiki ya spidiwei ina injini ya silinda moja ya sentimita za ujazo 500, inanywa methanoli badala ya petroli, ina gia moja na klachi, na uzito wake haupaswi kupungua kilo 77. Breki haina, mbele wala nyuma, na imeachwa kwa makusudi. Wapandaji hukimbia wakiwa wamekaribiana mno, na wa mbele akipata uwezo wa kusimama ghafla, wa nyuma hana pa kwenda ila mgongoni mwake. Mwendo hupunguzwa kwa kufunga mafuta na kwa kuuelekeza mkao wa pikipiki yenyewe: kwenye kona gurudumu la nyuma linatupwa nje, la mbele linaelekezwa kulia ilhali pikipiki inakwenda kushoto, na mguu wa kushoto uliovikwa soli ya chuma unateleza juu ya udongo. Mkononi mwa mpandaji pana kamba iliyounganishwa na swichi. Akianguka, kamba inachomoka na injini inazimika.

Hatari ipo, tena kubwa, na nitaifikia. Lakini chanzo chake si breki.

"Jawa ndiyo iliyobuni pikipiki hizi"

Ukiuliza mashabiki wengi nani alitengeneza pikipiki za spidiwei za Cheki, watakujibu Jawa bila kusita. Jibu hilo limeacha jina la mtu anayestahili kutajwa kwanza.

Baada ya vita, karibu kila mpandaji duniani alitegemea injini za JAP za kutoka London, zilizobeba herufi za jina la John Alfred Prestwich. Kwa mtu wa Chekoslovakia, nchi ya wakati huo iliyojumuisha Cheki na Slovakia, kupata injini hiyo au hata kipuri chake kulikuwa shida. Jaroslav Simandl, aliyekuwa mshindani mwenyewe na alijua kinachoharibika na kwa nini, alianza kutengeneza pikipiki za mashindano mwaka 1949 kwa jina la ESO, katika mji mdogo wa Divišov kusini-mashariki ya Praha. Injini yake iliifuata JAP mwanzoni, kisha ikaendelea kuboreshwa hadi ikawa imara kuliko ile iliyoigwa. ESO iliunganishwa na Jawa mwaka 1964, na baada ya hapo ndipo jina la Jawa lilipoanza kuandikwa kwenye matangi. Jawa yenyewe ilikuwa kampuni kubwa, iliyoanzishwa na František Janeček mwaka 1929, mwaka uleule wa Helmeti ya Dhahabu. Haikuwa ya Pardubice, wala haikuwa chimbuko la injini ile.

Na matokeo ya karakana ya Divišov yalikuwa makubwa. Barry Briggs wa New Zealand alizipanda mashine hizo, akawa pia mwagizaji wake nchini Uingereza, na ubingwa wake wa dunia wa mwaka 1966 ulipatikana juu ya mojawapo. Mwenzake Ivan Mauger alishinda ubingwa mara tatu mfululizo, 1968, 1969 na 1970. Mashabiki wawili wa Marekani walikuwa wamemwahidi kwamba akifikisha wa tatu wataipaka pikipiki yake dhahabu. Aliufikisha Wrocław, nao wakatimiza ahadi. Pikipiki ile ya dhahabu, mojawapo ya zile zinazojulikana zaidi katika mchezo wote, ni ya Divišov.

Utawala huo uliyumba katikati ya miaka ya 1970, Waingereza walipoleta injini ya Weslake yenye vali nne, na Peter Collins akatwaa nayo ubingwa wa mwaka 1976. Wengine wakatangaza kwamba Wacheki wamekwisha. Divišov wakajibu kwa vali nne zao, na Mauger akauchukua ubingwa wake wa sita mwaka 1979, Chorzów, akiwa juu ya Jawa.

"Helmeti zote za dhahabu ni moja"

Sizo. Poland wana Złoty Kask, iliyoanza mwaka 1961 na inayoshindaniwa na wapandaji wao wenyewe. Waingereza nao walikuwa na Helmeti yao ya Dhahabu, iliyogombewa na watu wawili wawili. Ukikuta takwimu za washindi mtandaoni, hakikisha kwanza ni za helmeti ipi.

"Nyuma ya pazia la chuma hakuna aliyetoka wala kuingia"

Ni kweli kwamba enzi za utawala wa kikomunisti michezo ya magari na pikipiki ilikuwa chini ya Svazarm, jumuiya ya kushirikiana na jeshi iliyoundwa mwaka 1951. Klabu hazikuwa huru, na safari za nje zilihitaji ruhusa ya wakubwa. Lakini spidiwei ilipenya kuliko michezo mingi. Kila vuli wageni wa Magharibi walikuja Pardubice, na mashabiki wa pale waliwaona kwa macho yao mabingwa ambao wenzao wa michezo mingine waliwasoma magazetini tu. Kwa upande wa pili, Jiří Štancl na Václav Verner walipata nafasi ya kushindana katika ligi ya Uingereza. Timu ya Chekoslovakia ilikuwa ya pili duniani mwaka 1963, Vienna, nyuma ya Sweden na mbele ya Uingereza. Kiwanda kilichouza injini Magharibi kilihitaji kuonekana Magharibi, na naamini hilo lilifungua milango ambayo vinginevyo ingebaki imefungwa.

"Kumbukumbu ya Tomíček ni ya Pardubice"

Luboš Tomíček alikuwa miongoni mwa wapandaji bora wa nchi hiyo. Alifariki mwaka 1968 kwa ajali kwenye mbio za Helmeti ya Dhahabu, Pardubice, wiki chache baada ya vifaru vya Umoja wa Kisovyeti na washirika wake kuingia nchini. Kwa kuwa alifia hapo, wengi hudhani mbio za kumbukumbu yake hufanyika hapo. Hufanyika Praha, kwenye uwanja wa Markéta, mtaa wa Břevnov, tangu mwaka 1969, na mjukuu wake mwenye jina lilelile naye alikuja kuwa mpandaji.

Uwanja huo wa Markéta umezaa dhana nyingine. Tangu 1997 umepokea duru ya Cheki ya Speedway Grand Prix, mfululizo ulioanza mwaka 1995 na kuchukua nafasi ya fainali ya usiku mmoja, kwa hiyo mtazamaji wa televisheni hudhani spidiwei ya Cheki ni Praha tu. Plzeň, Slaný, Březolupy na Pardubice zimekuwa zikilea vijana muda wote huo, kwa fedha kidogo na kazi nyingi ya kujitolea.

"Wacheki hawajawahi kutoa bingwa"

Ubingwa wa dunia wa watu wazima kwenye njia ya udongo, hapana, hawajaupata, na hakuna sababu ya kulificha hilo. Lakini Milan Špinka alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za barafuni mwaka 1974, yaani pikipiki zenye misumari ya chuma kwenye matairi. Antonín Kasper mdogo alishinda ubingwa wa vijana mwaka 1982, ulipokuwa bado unaitwa wa Ulaya. Lukáš Dryml alishinda ubingwa wa dunia wa chini ya miaka 21 mwaka 2002, tena nyumbani, Slaný. Mwaka 2024 Jan Kvěch aliingia katika Grand Prix kama mpandaji wa kudumu wa msimu mzima, akipimana kila duru na watu wanaolipwa na klabu za Poland kiasi ambacho klabu za Cheki haziwezi kukigusa. Yeye mwenyewe hupanda pia katika ligi ya Poland, kama wafanyavyo karibu wote wa kiwango chake, kwa sababu ligi ya nyumbani haitoshi kumpa mpandaji riziki.