Uvulana katika hadithi za watoto za Uswidi

Wahakiki wanapozungumzia uvulana hawamaanishi umri tu. Wanamaanisha pia yale ambayo jamii inamtarajia mtoto wa kiume ayafanye ili kesho ahesabike mwanamume: asilie, ajue kazi, asiogope. Katika hadithi za Uswidi matarajio hayo hufungwa kwenye mahali, na mara nyingi mahali penyewe pamo kwenye ramani.

Mwandishi Selma Lagerlöf aliombwa na walimu aandike kitabu cha kufundishia jiografia, kikatoka kwa sehemu mbili mwaka 1906 na 1907. Mhusika wake mkuu Nils, mvulana wa miaka 14 kutoka Skåne, kusini mwa Uswidi, mvivu na mtesaji wa wanyama, anageuzwa kijitu na kibwengo, kisha anazunguka nchi mgongoni mwa bata bukini. Hashindi vita wala hatwai ardhi ya mtu. Anarudishiwa kimo chake pale anapoikimbilia nyumba ya wazazi kumwokoa bata yule asichinjwe, ingawa alikuwa akiona aibu kuonekana na mama yake alivyo.

Kwangu mimi Emil anaieleza dhana hii vizuri zaidi, kwa sababu Nils wakati mwingine ananuka darasa. Emil, aliyeandikwa na Astrid Lindgren mwaka 1963, anaishi shamba la Katthult, Småland, mkoa aliozaliwa Lindgren mwenyewe. Akimpandisha dada yake Ida juu ya mlingoti wa bendera, baba anafoka na Emil anaishia bandani mwa useremala. Humo anachonga kisanamu cha mti. Kwa hiyo kifungo chake ndicho kinachompa ufundi.

Halafu Alfred, kibarua wa pale shambani na rafiki yake mkubwa, anaingiwa na sumu kwenye damu wakati wa tufani ya theluji. Baba anasema safari ya kwenda kwa daktari haiwezekani. Emil anamfunga farasi kwenye kigari cha theluji na kumfikisha Alfred kwa daktari huko Mariannelund. Kelele ni za baba, lakini uanaume wa kumjali mwenzio, hata kulia kwa ajili yake, umo kwa mtoto.

Ila Ida mara nyingi huachwa kutazama tu. Na Småland hiyo ya farasi na vibarua Lindgren aliichota kwenye masimulizi ya baba yake kuhusu utoto wa huyo baba. Wasomaji wengi wa 1963 walikuwa tayari watoto wa mjini.