Kabla hujanunua sarangi, tafuta mwalimu

Wasomaji wanaotaka kujifunza vyombo vya Kihindi vya upinde huniuliza jambo moja kuliko yote: video zimejaa mtandaoni, mwalimu wa nini? Mimi nafundisha sarangi na dilruba, na jibu langu ni kwamba mwalimu atangulie, chombo kifuate. Fedha ya kununulia chombo kizuri ikiwa haitoshi kulipia pia masomo, nunua masomo kwanza. Sababu zangu zimo ndani ya sarangi yenyewe, kwa hiyo nitaieleza jinsi ilivyo.

Sarangi huchongwa kutoka gogo moja la mti, kwa kawaida mti unaoitwa tun. Ni fupi, urefu wake ni kama sentimita 70 tu, lakini ni nene na nzito. Tumbo lake limewambwa ngozi ya mbuzi, na juu ya ngozi hiyo kinasimama kidaraja kinachobeba nyuzi tatu nene za utumbo wa mbuzi. Hizo tatu ndizo zinazopigwa kwa upinde. Chini yake zimepita nyuzi nyembamba za chuma, 35 au zaidi, ambazo upinde hauzigusi kabisa. Zinaitwa tarab. Ukipiga sauti juu, zile za chini zenye sauti hiyo hiyo hutetemeka zenyewe na kuitikia. Ukiikosa sauti kidogo tu, hazikuitikii, na chombo kizima kinapoa. Ndiyo maana sarangi ikipigwa vizuri chumba kinajaa, na ikipigwa ovyo inakwaruza masikio.

Upinde wake ni mzito kuliko wa fidla na hushikwa kiganja kikitazama juu, singa za mkia wa farasi zikisukumwa kidogo kwa vidole. Mkono huo huzoea upesi. Kazi kubwa iko mkono wa kushoto.

Mpiga fidla hukandamiza uzi kwa ncha ya kidole mpaka uguse ubao. Kwenye sarangi uzi hauguswi hivyo. Uko juu, mbali na shingo, na kidole kinauegemea kwa ubavu, pale ngozi inapokutana na ukucha, kisha kinateleza kupanda na kushuka. Tunapaka poda vidoleni ili viteleze vizuri. Mwanzoni panauma sana, ngozi ya juu ya ukucha inavimba, baadaye inakuwa sugu, na kucha zenyewe hupata mifereji. Ram Narayan, mzaliwa wa Udaipur mwaka 1927, alipokwenda Lahore mwaka 1943 kujaribiwa redioni, alikwenda kama mwimbaji. Mtayarishaji wa muziki wa kituo kile aliiona mifereji kwenye kucha zake, akamwajiri apige sarangi. Narayan ndiye aliyekuja kuifanya sarangi ipande jukwaani peke yake.

Sasa fikiria kujifunza jambo hilo kwa video. Kamera inaona mgongo wa mkono. Haioni ni sehemu gani ya ukucha inayogusa uzi, wala nguvu ya kuusukuma. Uzi ukisukumwa zaidi ya inavyotakiwa, sauti inapanda. Ukiguswa kwa ulegevu, inapiga mluzi. Vyote viwili ni tofauti ya unywele. Mwalimu anakushika kidole, anakigeuza kidogo, anakwambia vuta upinde tena, na mara ile ile unasikia nyuzi za chini zikiamka. Ukishausikia mwamko huo mara moja, sikio linajua linatafuta nini, na mazoezi ya nyumbani yanakuwa na maana.

Hata hivyo mkono si sababu yangu kubwa. Sababu kubwa ni sauti zenyewe.

Muziki wa India una sauti saba za msingi, sa, re, ga, ma, pa, dha, ni, na baadhi yake hushushwa au kupandishwa kufuatana na raga, yaani mpangilio wa sauti wenye mwendo na hisia zake. Kwenye karatasi raga mbili zinaweza kuandikwa na re ile ile iliyoshushwa, inayoitwa komal. Chukua Bhairav, raga ya alfajiri, na Todi, ambayo hupigwa jua likishapanda. Zote zina komal re. Lakini re ya Bhairav haisimami tuli, inayumba polepole na kurudi, nzito na yenye heshima. Ya Todi hukaa chini zaidi, na ina huzuni yake. Kwenye kinanda zote mbili ni kibonyezo kimoja. Kwenye sarangi, ambayo haina alama yoyote shingoni, unatakiwa kuzijua kwa sikio na kuzifikia kwa ukucha. Hakuna maandishi yatakayokuonyesha. Mtu huziimba mbele yako, unaziimba wewe, anakukatalia, unaimba tena.

Ndiyo, unaimba. Wanafunzi wengi hushangaa mwalimu wa sarangi anapowaambia waweke upinde chini wafungue midomo. Ustadhi aliyenifundisha, katika mtaa wa zamani wa Delhi, alianza kila somo hivyo: tanpura, chombo cha nyuzi kinachoshikilia sauti ya msingi, inavuma, yeye anaimba kifungu kifupi, mimi namfuata. Chombo kilikuja tu baada ya kifungu kukaa kooni. Na nilipokuwa napiga, mara nyingi yeye alikuwa chumba cha pili akitengeneza chai, kisha nasikia sauti yake kupitia mlangoni: “Chini, chini kidogo.” Hakuhitaji kuangalia vidole. Alikuwa anasikia kifungu alichoniimbia kimerudi kikiwa na kasoro, na alijua kasoro iko wapi.

Desturi hii ina historia nyuma yake. Kwa vizazi vingi sarangi ilikuwa chombo cha kumfuata mwimbaji. Mpigaji alikaa kando ya mwimbaji wa khyal au thumri, mitindo ya uimbaji wa India Kaskazini, akiidaka kila sauti nusu pumzi baada ya kutoka kinywani, bila kujua mapema itaelekea wapi. Kwa hiyo alilazimika kuijua hazina yote ya waimbaji, nyimbo na maneno yake, na wapigaji wengi wa sarangi walikuwa walimu wa waimbaji. Walipiga pia katika mabaraza ya wanawake waimbaji walioitwa tawaif. Jamii ilipoanza kuwadharau wanawake hao, dharau ikaangukia na chombo. Kisha kinanda cha harmonium kikaingia: rahisi kujifunza, hakihitaji kulinganishwa. Redio ya taifa, All India Radio, ilikipiga marufuku kuanzia mwaka 1940 hadi 1971 kwa hoja kwamba sauti zake haziwezi kuyumba, lakini nje ya redio kilishashinda. Familia nyingi za wapiga sarangi ziliwaelekeza watoto wao kwenye kazi nyingine. Naona hasara hiyo ni kubwa mno, na kila mwanafunzi mpya, awe wa nchi gani, ananipa moyo.

Ram Narayan alipojaribu kupiga peke yake Mumbai mwaka 1954, wasikilizaji hawakuwa na subira naye. Mwaka 1956 alijaribu tena na mara hii akapokelewa. Kazi ya filamu ndiyo iliyomlisha miaka hiyo. Msikilizaji wa pwani yetu aliyekulia kwenye filamu za Kihindi, au kwenye taarabu ya Mombasa ya akina Juma Bhalo iliyobeba mahadhi ya filamu hizo, ameshazoea mwendo wa sauti hizi tangu utotoni. Nawaambia wanafunzi wa Kiswahili wasijione wageni kabisa: meend, yaani kuteleza kutoka sauti moja hadi nyingine bila kukata, sikio lao linaijua tayari.

Jambo la tatu ambalo mwalimu analibeba kwa niaba yako ni kulinganisha nyuzi, na hapa ndipo wanaojifunza peke yao hukata tamaa wiki za mwanzo. Zile tatu nene ni rahisi: sa, pa, na sa ya chini. Lakini kwenye mpangilio wa kawaida wa tarab, 15 hufuata sauti zote moja baada ya nyingine pamoja na zile za kati, 9 hufuata raga unayopiga siku hiyo, na 11 zilizobaki hupita juu ya vidaraja viwili bapa karibu na kichwa, ambapo hutoa mvumo wenye ukali kidogo. Ukitoka Bhairav kwenda raga nyingine, tuseme Yaman, zile za raga unazikaza au kuzilegeza upya. Vigingi ni vya mti, hushika kwa msuguano tu, na hali ya hewa huvichezea. Msimu wa mvua ngozi hulegea, kidaraja huzama, na kila kitu kinashuka pamoja. Yeyote atakayekaa nayo Tanga, Mombasa au Unguja ajue unyevu wa pwani utamsumbua hivyo hivyo: usiiache karibu na dirisha, na uwe na nyuzi za utumbo za akiba, kwa sababu hukatika.

Mwalimu mzuri hatakuachia kazi hii mapema. Atakulinganishia yeye, wewe umekaa kimya unasikiliza, na huo tayari ni somo. Baadaye atakuachia nyuzi chache, kisha safu nzima. Nilidhani mwanzoni ustadhi wangu ananipotezea saa nzima kwa vigingi. Leo wanafunzi wangu nawaweka vivyo hivyo, maana anayeweza kulinganisha tarab kwa sikio hatoki nje ya sauti hata akiwa amechoka.

Uhusiano wenyewe una adabu zake. Katika familia za zamani mwanafunzi hukubaliwa rasmi kwa sherehe ya ganda bandhan: mwalimu anamfunga uzi mkononi, anamlisha dengu na sukari guru, na tangu hapo wanahesabiana kama mzazi na mtoto. Humwiti kwa jina. Utamwita Guruji, au Khan Sahib kama ni wa familia za Kiislamu, unamgusa miguu unapoingia, na huruki chombo kilicholala sakafuni. Zamani siri za ukoo hazikutoka nje, na wasichana kwa kawaida hawakufundishwa kupiga sarangi. Hilo limebadilika, ingawa polepole. Binti yake Ram Narayan, Aruna Narayan, amepiga sarangi jukwaani kwa miaka mingi. Sherehe hiyo si lazima siku hizi, na mwalimu anayeidai siku ya kwanza pamoja na fedha nyingi mkimbie. Anayefaa atakusikiliza kwanza ukiimba.

Sarangi yenyewe si lazima iwe mlango wako wa kwanza. Wengi nawaanzisha kwa dilruba au esraj. Vyombo hivi viwili ni ndugu: vina shingo ndefu yenye vipande vya chuma vilivyofungwa kuonyesha mahali pa sauti, nyuzi za juu chache, na tarab dazeni moja na zaidi. Vidole havikandamizi mpaka chini. Vinateleza juu ya uzi, hivyo meend inabaki. Esraj ni ya Bengal, na ilistawi sana Santiniketan, kwenye chuo alichoanzisha mshairi Rabindranath Tagore, ambako hupigwa pamoja na nyimbo zake. Dilruba ni ya Punjab, na Masingasinga huitumia kuimba mashairi ya kitabu chao kitakatifu, pamoja na taus, ile kubwa yenye umbo la tausi. Harmonium iliviondoa hivi pia kwenye mahekalu mengi, lakini kizazi kipya kinavirudisha kwa bidii. Msomaji wa Kenya au Tanzania aliye karibu na hekalu la Masingasinga aende akaulize kwa heshima; hata kama hakuna mpiga dilruba, atasikia raga zikiimbwa, na hilo ndilo sikio linalohitaji.

Kama tayari unapiga fidla, njia yako ni fupi zaidi. India Kusini iliichukua fidla ya Ulaya karne mbili zilizopita, na Baluswami Dikshitar, aliyefariki mwaka 1859, anahesabiwa miongoni mwa wa kwanza kuiingiza kwenye muziki wa Karnataka. Hawakubadilisha chombo, walibadilisha mkao. Mpigaji anakaa chini amekunja miguu, kichwa cha fidla kimeegemea kifundo cha mguu wa kulia, upande wa pili umeegemea kifua au bega. Mkono wa kushoto haubebi uzito wowote, kwa hiyo unateleza kwa uhuru. Nyuzi hulinganishwa sa, pa, sa, pa. Mpiga fidla wa taarabu atahitaji muda kuuzoea mkao huo, lakini upinde wake utamsaidia tangu siku ya kwanza.

Na kama mwalimu yuko Kolkata au Chennai na wewe uko Dodoma? Somo la mtandaoni linawezekana, mradi ujue mipaka yake. Hamtaweza kupiga pamoja, kwa sababu sauti huchelewa njiani. Mwalimu aimbe, anyamaze, nawe ujibu. Mwombe akurekodie vifungu vifupi uvisikilize wiki nzima kabla ya kuvigusa kwa upinde, nawe umtumie rekodi zako bila kuchagua zilizotoka vizuri tu. Weka kamera upande wa kucha, karibu, hata kama uso hauonekani. Panga, ukiweza, kwenda kukaa naye ana kwa ana mapema, maana kidole kinahitaji kushikwa. Halafu ingia kwenye mipangilio ya programu ya simu ya video uzime ile huduma ya kuondoa kelele. Programu hizo huona mvumo wa tanpura na mwitikio wa tarab kuwa kelele za feni, zikaufuta, na mwalimu anabaki kusikia upinde mkavu usiomwambia chochote kuhusu sauti yako.