Joto la tanga mbili na kijana mwenye MS

Miezi mizito kwa wagonjwa wangu ni Machi na Aprili, majira ya tanga mbili. Kaskazi imeshachoka, kusi haijashika, na ndani ya vichochoro vya Lamu hewa haitembei. Hapo ndipo simu huanza kulia. "Daktari, mguu umekuwa mzito tena." "Daktari, jicho limerudi ukungu." Anayepiga ni kijana mwenye maltipo sklerosisi, ugonjwa wa neva, au MS kama tunavyoiita sote, na nyuma yake namsikia mamake akiuliza kama wakodi boti usiku huu huu wavuke Mokowe, washike njia ya Mombasa. Mara nyingi jibu langu ni kwamba wasivuke kwanza. Mlazeni penye upepo, loweshani kanga mumfunge shingoni, mpimeni homa, kisha nipigieni tena baada ya saa moja.

Nataka kueleza kwa nini najibu hivyo. Kijana anayelielewa jambo hili moja, kwamba joto huamsha dalili za zamani bila kuongeza ugonjwa, huishi vizuri zaidi hapa pwani kuliko yule aliyebeba ushauri wote wa mtandaoni ulioandikwa kwa watu wa nchi za baridi.

Kwanza mjue anayesema. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Dawa za MS na kusoma picha za ubongo ni kazi ya daktari wa neva. Mimi hushughulika na yale ambayo mgonjwa anakwenda nayo nyumbani: mguu unaoburura, mizani, kibofu, na nguvu za kumfikisha swala ya Magharibi bila kuanguka.

Katika MS, kinga ya mwili hushambulia myelini, utando wa mafuta unaozunguka nyuzi za neva ndani ya ubongo, uti wa mgongo na neva ya jicho. Palipochomeka hubaki kovu. Jean-Martin Charcot aliyaeleza makovu hayo kule Paris mwaka 1868 na kuyaunganisha na dalili alizokuwa akiziona kwa wagonjwa walio hai. Dalili hufuata mahali kovu lilipokaa. Kwa huyu ni ganzi kuanzia kiunoni kushuka, kwa yule ni jicho moja linalouma akiligeuza na rangi nyekundu inayopauka, kwa mwingine ni kizunguzungu au haja ndogo isiyosubiri. Duniani kuna takriban watu milioni 2.9 wenye ugonjwa huu. Wengi hugundulika wakiwa kati ya miaka 20 na 40, umri wa chuo, kazi ya kwanza na posa, na wanawake ni mara mbili au tatu ya wanaume. Hauambukizi. Mtu hawezi kuupata kwa kula sahani moja na mgonjwa wala kwa kulala naye kitanda kimoja.

Vitabu husema MS hupungua kadiri unavyoikaribia ikweta, na Lamu iko nyuzi mbili tu kusini ya mstari huo. Ni nadra kweli. Tatizo ni kwamba unadra huo umewafanya watu, hata baadhi ya wahudumu wa afya, waamini kuwa huku haufiki. Isitoshe, katika kila wagonjwa 100, kama 85 huanza na aina ya kuja na kuondoka: wiki kadhaa za dalili, kisha nafuu, pengine nafuu kamili kabisa. Hapa ndipo uganga unapopata sifa isiyo yake. Binti anafifia jicho moja, anapelekwa kupungwa, anavishwa hirizi, na baada ya wiki sita jicho linafunguka. Lingefunguka hata kama angekaa nyumbani akisuka ukili. Sina ugomvi na mtu anayesomewa Kurani akapata utulivu. Ugomvi wangu ni na miaka inayopotea kati ya jicho la kwanza na mguu uliofuata, kwa kuwa dawa za MS hufaa zaidi zikianzwa mapema, kabla makovu hayajarundikana.

Familia pia huchoka na vipimo, nami nawaelewa. Kuna picha ya MRI, maji ya uti wa mgongo, damu tena na tena. Lakini kifua kikuu cha uti wa mgongo, upungufu wa vitamini B12, kaswende na VVU vyote vyaweza kumlegeza mtu miguu, na kila kimoja kina tiba yake. Kuna pia ugonjwa unaofanana sana na MS, nyuromaelitisi optika, ambao watu wenye asili ya Kiafrika huupata zaidi kuliko Wazungu. Baadhi ya dawa za MS humzidishia hali mgonjwa wa huo. Kwa hiyo daktari akitaka damu ipimwe kingamwili za akwaporini-4, alama ya ugonjwa huo, msione ni hila ya kunenepesha bili.

Sasa turudi kwenye joto. Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kuhusu wagonjwa ambao macho yao yalififia walipojitaabisha kwa kazi ya mwili, kisha yakarudi walipopumzika. Baadaye ikajulikana kwamba kilichokuwa kikiwaathiri ni joto la mwili. Fikiria mpira wa kumwagilia maji uliotoboka katikati. Presha ikiwa nzuri, maji hufika mwisho hata kama yanavuja njiani. Presha ikishuka kidogo tu, mwisho wa mpira hautoki tone, na tundu ni lile lile, halikuongezeka. Uzi wa neva uliopoteza myelini uko hivyo. Ujumbe wa umeme hupita pale penye kovu kwa shida, na mwili ukipata joto, milango ya sodiamu kwenye neva hufunga upesi zaidi, mkondo hupungua, ujumbe hukatika. Nusu digrii tu ya joto la mwili yaweza kutosha. Mwili ukipoa, ujumbe hupita tena. Hakuna kovu jipya lililozaliwa.

Shambulio la kweli lina tabia nyingine. Dalili ni mpya, au ya zamani iliyorudi kwa nguvu, inadumu saa 24 au zaidi, haina homa nyuma yake, na haiondoki mtu akipoa. Kwa hiyo yale ninayowaambia kwenye simu, yaani kupoza na kupima homa, ndiyo njia ya kutenganisha mambo mawili yanayofanana sura. Mguu ukirudi ndani ya saa moja mbili, lilikuwa joto. Ukikataa hadi kesho yake, apigiwe daktari wa neva bila kungoja. Jicho lisiloona kabisa, miguu yote kulegea kwa pamoja au mkojo kuziba, hayo hayangojwi hata hiyo saa moja.

Katikati ya hayo mawili kuna homa, na huku kwetu homa ni jambo la kila msimu. Malaria au maambukizi ya njia ya mkojo humpandisha mtu joto kutoka ndani, na dalili zote za zamani zikaamka pamoja. Mgonjwa huonekana ameshambuliwa, naye ana vimelea tu. Nimeona vijana wakikimbilia dripu ya steroidi kabla hata ya kutobolewa kidole. Steroidi hupunguza makali ya shambulio la kweli, lakini huishusha kinga, na kumpa mwenye maambukizi yasiyotibiwa ni kumwongezea mzigo. Pimeni malaria na mkojo kwanza. Na hao wanaojinyima maji ili wasiende msalani mara kwa mara, hasa mabinti walio safarini, ndio wanaopata maambukizi ya mkojo. Kibofu kina mazoezi yake na dawa zake. Kiu haikitibu.

Kuishi na joto ni ufundi, na ufundi huu tunao tayari. Nyumba ya mawe yenye kuta nene huwa na ubaridi chini mchana, na juu darini, chini ya makuti, kuna upepo jioni. Mgonjwa ahame na saa. Safari za sokoni zifanywe kabla ya saa tatu asubuhi. Kanga iliyoloweshwa shingoni inasaidia, ila hewa yetu imejaa unyevu na maji hayakauki upesi, kwa hiyo bila feni au upepo utakuwa umevaa nguo mbichi tu. Kunywa maji baridi sana kabla ya kutoka au kabla ya mazoezi hukuongezea muda wa kufanya kazi kabla mguu haujalegea. Kwa mabinti, buibui la kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, na pamba ndani. Mapambo ya shanga yaliyojaa kifuani yangoje harusi.

Baya kuliko joto lenyewe ni kuliogopa. Kijana aliyelegea mara mbili mchana huamua kukaa kitako, na jamaa humuunga mkono: "Pumzika, mwanangu." Zamani hata madaktari walisema hivyo. Siku hizi tunajua kwamba mazoezi hayaleti mashambulio, na kwamba misuli iliyoachwa hupotea haraka kuliko ugonjwa ungeipoteza. Wagonjwa wangu wa Malindi na Lamu wana bahati ambayo mwenye MS wa Ulaya huilipia: bahari. Maji yetu, hata yakiwa vuguvugu, yako chini ya joto la mwili, na yanamshika mtu asianguke. Ingia alfajiri, maji kifuani, tembea sambamba na ufuo, piga magoti juu, ogelea ukiweza. Usiingie peke yako hata kama uliwahi kushinda mashindano ya kuogelea ya Maulidi.

Ngazi ni habari nyingine. Nyumba za kale zina ngazi ndefu, nyembamba, zisizo na pa kushika. Funga kamba nene ukutani, na chumba cha kulala kishushwe chini kabla ya mtu kuanguka. Gatini, angalia maji. Ncha ya mguu wako ikiwa inaburura, vuka wakati maji yamejaa, chombo kikiwa juu karibu na gati. Maji yakikupwa, tena siku za bamvua, unashuka vidato vyenye mwani, na mkono wa nahodha hautoshi. Panga miadi ya hospitali kwa kalenda ya mwezi, hakuna atakayekucheka anayejua bahari. Kipo pia kifaa cha plastiki cha kushikilia kifundo kinachovaliwa ndani ya kiatu. Vijana hukikataa kwa aibu, nami huwaachia wachague kati yake na mkongojo.

Uchovu wa MS ndio unaoharibu uhusiano nyumbani kuliko kitu kingine, kwa sababu hauonekani. Asubuhi amecheka barazani, adhuhuri hawezi kuinua ndoo, na shangazi anasema ni uvivu. Mimi huomba wazazi waje kliniki, nikawaeleza mbele ya kijana mwenyewe ili asibaki kujitetea. Kazi nzito iwekwe asubuhi, mapumziko yaje kabla ya kuchoka, na usingizi wa usiku ulindwe. Muguka unaoutafuna hadi saa nane za usiku unakula nguvu za kesho. Sigara ni mbaya zaidi: huharakisha ulemavu wenyewe. Kuhusu Ramadhani, aya ya 184 na ya 185 za Suratul Baqara zimempa mgonjwa ruhusa. Wako wanaofunga vizuri msimu wa baridi na wasioweza Ramadhani ikiangukia kaskazi, basi waulizwe daktari na sheikh wote wawili, mapema, wakati wa Shaabani.

Dawa nitazipitia kwa ufupi kwa sababu si uwanja wangu. Ya kwanza ya kupunguza mashambulio, intaferoni, ilipatikana 1993. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirameri na rituksimabu. Hiyo ya tatu hutolewa kwa dripu, mara nyingi kila miezi sita, na kwa mtu wa kisiwani safari mbili za Mombasa kwa mwaka ni nafuu kuliko sindano za kuhifadhi kwenye friji umeme ukikatika. Kabla yake hupimwa homa ya ini aina ya B na kifua kikuu. Gharama ni kikwazo cha kweli, basi muulize daktari kuhusu bima kabla ya kuagiza chochote mtandaoni.

Swali linaloulizwa kwa sauti ya chini, mama akiwa ametoka nje, ni la ndoa. Naoa? Naolewa? Ndiyo. MS haiondoi uzazi. Mtoto wa mzazi mwenye MS ana uwezekano wa asilimia 2 au 3 hivi wa kuupata, maana yake walio wengi mno hawaupati. Maoni yangu ni kwamba mchumba aambiwe kabla ya nikahi, na aambiwe na mgonjwa mwenyewe, si na mjumbe wa posa. Ujauzito kwa kawaida hutuliza mashambulio, hasa miezi mitatu ya mwisho. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa 1998 ulilionyesha hilo, na ukaonyesha pia kwamba hatari hupanda miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua. Baadhi ya dawa hazifai mimba wala kunyonyesha, kwa hiyo mtoto apangwe pamoja na daktari. Na siku ya kurudi kwenye dawa iandikwe kabla uchungu haujaanza, kwa maana ndani ya arobaini kila mtu atakuwa anamtazama mtoto.