Je, maganda ya machungwa huharibu mboji?

Msimu wa machungwa ukifika, ndoo ya taka jikoni hujaa maganda kuliko kitu kingine chochote. Wengi wanaotengeneza mboji nyumbani wamewahi kuonywa wasiyatie kwenye pipa: maganda ya ndizi sawa, ya chungwa, ndimu na limao hapana, eti uchachu wake huua vijidudu vinavyoozesha taka.

Uchachu hauna kosa hapa. Mboji yenyewe huchachuka mwanzoni, hata kama haina ganda moja la ndimu, kwa sababu bakteria wanaovunja sukari na wanga hutoa asidi. Baadaye vijidudu vingine huzila asidi hizo, na mboji ikiiva haiwi chachu tena.

Chenye nguvu kwenye ganda ni mafuta yake, limonini. Likamue ganda bichi karibu na mshumaa na utaona matone yakilipuka cheche. Mafuta hayo hulilinda tunda dhidi ya bakteria na ukungu, ndiyo maana ganda huchelewa kuoza. Huchelewa tu. Limonini huvukia hewani, na upo ukungu unaoimudu vizuri sana: ule wa kijani unaolivaa chungwa lililosahaulika kapuni. Ukiyakatakata maganda na kuyachanganya na majani makavu, yanakwisha.

Huko Costa Rica jambo hili lilionekana kwa ukubwa wa kushangaza. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya juisi ya Del Oro ilimwaga tani 12,000 hivi za maganda na makapi ya machungwa kwenye hekta 3 za malisho yaliyochoka, ndani ya hifadhi ya Guanacaste. Wazo lilikuwa la wanaikolojia Daniel Janzen na Winnie Hallwachs. Kampuni shindani ilikwenda mahakamani kudai hifadhi imechafuliwa, ikashinda, na umwagaji ukasimama. Miaka 16 baadaye watafiti hawakukuta maganda. Walikuta msitu mnene juu ya udongo wenye rutuba, na uzito wa miti ulizidi ule wa eneo jirani lisilomwagiwa maganda kwa asilimia 176. Ni kweli kwamba pale palikuwa uwanda wazi, si pipa la uani, lakini dai kwamba machungwa huua udongo halisimami mbele ya msitu ule.

Onyo lina ukweli kwa anayefuga nyungunyungu wa kutengeneza mboji ndani ya kasha. Limonini huwadhuru, na kwenye kasha dogo hawana pa kukimbilia. Huyo aweke maganda kidogo sana, au asiweke kabisa.

Nyama, samaki, maziwa na mafuta ya kupikia ni suala jingine. Navyo huoza. Shida ni joto. Vijidudu vikila taka hutoa joto, lakini lundo dogo haliwezi kulitunza. Chai iliyo ndani ya birika hukaa moto muda mrefu. Imimine kwenye kisahani, inapoa mara moja, kwa kuwa ni kidogo na imetandazwa hewani. Pipa la nyumbani ni kisahani. Lundo lenye mita 1 kila upande, likiwa na unyevu na hewa ya kutosha, huanza kuwa birika: joto la katikati linaweza kupita nyuzi 55 za Selsiasi, na likidumu hapo siku kadhaa huua vimelea vingi vya magonjwa. Katika pipa lililopoa, utumbo wa samaki huita nzi na panya, na vimelea hubaki hai. Kwa sababu hiyo hiyo kinyesi cha mbwa na paka kisiingie kamwe, kwani hubeba mayai ya minyoo.

Ugali na wali uliolala huvutia panya, basi uwe kidogo na ufukiwe katikati. Machicha ya nazi yana mafuta yaliyobaki. Yatawanye, yasikae donge. Majani ya chai, maganda ya vitunguu na mabua ya mchicha hayana neno. Maganda ya mayai hukaa muda mrefu usipoyasaga. Majivu ya mkaa nyunyiza kiganja tu: yakizidi, naitrojeni huponyoka hewani kama amonia, na utaijua kwa harufu kali inayowasha pua ukifunua kifuniko.