Seva Haikuwaka Baada ya Kubadilishwa IP, na Kosa Halikuwa la Mtandao

"Fundi, jana usiku tumebadilisha IP tu, leo seva haiwaki kabisa."

Simu hiyo ilitoka kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam. Walikuwa wamehamisha anwani za mtandao (IP) za mashine zote kutoka 192.168.1 kwenda 192.168.10, kisha wakaiwasha upya seva yao ya Ubuntu, aina ya Linux. Nilipofika, kijana wao alikuwa ameshachomoa na kuchomeka kebo mara kadhaa, na sasa alitaka kurudisha anwani ya zamani.

Nilimwomba asubiri tuisome skrini kwanza. Mstari mmoja ulikuwa ukihesabu: `A start job is running for /dev/disk/by-uuid/…`, mpaka 1min 30s. Ukafuata `You are in emergency mode`. Inayotafutwa hapo ni diski!

Nikaingia kama root, yaani msimamizi mkuu, nikafungua `/etc/fstab`, faili linaloorodhesha diski za kufunguliwa seva inapowaka. Mstari wa mwisho ulikuwa wa diski ya iSCSI, ambayo iko kwenye mashine nyingine ya hifadhi na hufikiwa kupitia mtandao, lakini imeandikwa kana kwamba iko tumboni mwa seva:

`UUID=… /data ext4 defaults 0 2`

systemd, programu inayosimamia uwashaji, haiwezi kujua kutokana na neno ext4, ambalo ni aina tu ya mpangilio wa faili, kwamba diski iko mbali. Huitafuta mapema pamoja na diski za ndani, husubiri sekunde 90, na ikiikosa husimamisha safari nzima. Nikauliza mstari huo uliwekwa lini. Miezi minane iliyopita, na tangu hapo seva haikuwahi kuzimwa. Umeme ungekatika siku yoyote, ingegoma vilevile. Kubadili IP kuliwapa tu sababu ya kuiwasha upya.

Nikaandika `mount -o remount,rw /` ili niweze kuhariri faili, kisha nikaweka `_netdev,nofail` mahali pa `defaults`. Neno la kwanza linasema diski ingoje mtandao. La pili, seva iendelee kuwaka hata diski isipopatikana.

Ila `nofail` naiogopa ikiachwa peke yake. Diski ikikosekana, `/data` hubaki folda tupu kwenye diski ya ndani, na programu ya mauzo inaweza kuanza kuandika humo bila mtu kugundua. Hesabu za siku nzima zitakaa pasipo pake. Kwa hiyo kwenye huduma ya programu hiyo niliongeza `RequiresMountsFor=/data`, isiwake bila diski yake. Mwisho nikasahihisha anwani ya hifadhi, maana iSCSI ilikuwa bado inaikumbuka ya zamani.

Tukaiwasha kwa makusudi bila kebo. Ilichelewa ikingoja mtandao, kisha ikafika kwenye login, na programu ya mauzo ikakataa kuwaka. Hicho ndicho nilichotaka kukiona. Tukachomeka kebo, tukaiwasha tena, dada wa uhasibu akafungua ankara za jana zikiwa zote.