Notisi ya kuacha kazi si ombi: tunayodanganyana Dodoma kuhusu kuaga kazini

Asubuhi moja ya mwisho wa mwezi nilikuta sare imekunjwa vizuri juu ya kreti la soda stoo, na funguo za baa juu yake. Kijana aliyekuwa akiivaa alipokea mshahara jana yake jioni, akazima simu. Alikuwa mchapakazi, wageni walimwulizia kwa jina. Miezi minne baadaye akanipigia kutoka Morogoro: "Dada, naomba cheti cha utumishi, huku wanakitaka." Nikafungua faili lake. Kulikuwa na barua mbili za kumtaka ajieleze, hazijajibiwa, na ya tatu ya kumwachisha kazi kwa utoro. Cheti nilimtumia, kwa sababu sheria inamtaka mwajiri akitoe ajira inapokoma. Lakini mwajiri wake mpya alipompigia meneja wetu kuuliza aliondokaje, meneja alisema ukweli.

Nimeshika mafaili ya wafanyakazi hapa mjini muda mrefu, kwanza hotelini, sasa kwenye shule binafsi. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa 2016, nyumba za wageni, migahawa na shule zimeongezeka kila upande, na watu wanahama kazi kuliko zamani. Kuhama ni haki yao. Kinachonisumbua ni kwamba wengi wanapoteza fedha na jina kwa kusikiliza maneno ya vijiweni.

"Nikishapokea mshahara, hatudaiani tena"

Mnadaiana notisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki, siku 4. Anayeondoka ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira, siku 7. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, ila muda huo lazima uwe sawa kwa pande zote mbili. Ukiona mkataba unakudai wewe miezi mitatu na mwajiri mwezi mmoja, uliza kabla hujasaini.

Ukikataa kufanya kazi katika siku za notisi, mwajiri anaruhusiwa kukata kwenye stahiki zako kiasi ambacho ungelipwa kwa siku hizo. Na ukikosekana kazini bila ruhusa zaidi ya siku tano za kazi, hilo ni kosa linaloweza kukufukuzisha. Yule kijana alikuwa na siku za likizo ambazo hajalipwa. Kama angevumilia wiki nne tu, angeondoka na fedha hizo zote mkononi.

"Bosi asipokubali, siwezi kuondoka"

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu wanaoliamini ni watu waungwana. Anaandika barua yenye kichwa "YAH: OMBI LA KUACHA KAZI", anaipeleka kwa unyenyekevu, bosi anaisoma, anaitia kwenye droo na kusema, "Nitakujibu." Wiki zinapita. Kule alikopata kazi wanamsubiri, huku hana jibu, na mwisho anatoroka. Mtu aliyeanza kwa adabu anaishia kwenye utoro.

Kama mkataba wako hauna tarehe ya mwisho, barua hiyo ni taarifa. Mwajiri anaipokea, hana cha kukubali wala kukataa. Anaweza kukubembeleza ubaki, anaweza kukuongezea mshahara, na wewe unaweza kubadili mawazo kwa hiari yako. Lakini siku zinahesabika tangu alipopewa.

Kwa hiyo neno "ombi" liondoe. Andika "YAH: NOTISI YA KUACHA KAZI". Sheria inataka notisi iwe ya maandishi, itaje sababu na tarehe iliyotolewa. Sababu sentensi moja inatosha. Mimi huwapa watu maneno kama haya: "Natoa notisi ya siku 28 ya kuacha kazi kuanzia leo. Sababu ni kwamba nimepata kazi nyingine. Siku yangu ya mwisho kazini itakuwa tarehe fulani. Niko tayari kukabidhi kazi kwa mtakayemteua." Shukrani ziongeze kama zinatoka moyoni. Malalamiko ya miaka mitatu yaache nje ya karatasi hii, labda kama hayo ndiyo yanayokuondoa, na hilo nitalifikia.

Toa nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa, au aliyepokea aandike jina, tarehe na saini. Wakikataa kusaini, itume pia kwa barua pepe au WhatsApp siku hiyo hiyo, ili tarehe ionekane. Lakini kabla ya karatasi, mwone mkubwa wako uso kwa uso. Hapa kwetu mtu kusikia habari yako kutoka masjala ni kumvunjia heshima, na huyo ndiye atakayepigiwa simu kesho.

Watumishi wa umma, mlioko Mji wa Serikali wa Mtumba na kwenye halmashauri, ninyi mna Sheria ya Utumishi wa Umma na kanuni zenu. Msichukue hesabu zangu za siku. Anzieni kwa afisa utumishi.

"Notisi inatosha kwa mkataba wowote"

Hapana. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinasema aliyeingia mkataba wa muda maalumu, mathalani mwaka mmoja, anaweza kuuacha kabla ya muda pale tu mwajiri anapouvunja kwa kiwango kikubwa, au wakikubaliana. Walimu wa shule binafsi wanajikwaa hapa sana. Soma kwanza kipengele cha kusitisha mkataba. Kama hakikupi njia, nenda mkazungumze, na makubaliano yaandikwe.

"Notisi nitaimalizia likizoni"

Sheria hairuhusu. Notisi haitolewi ukiwa likizo wala haiendi sambamba na likizo.

"Ukiacha mwenyewe hupati kitu" na mwenzake, "Nawadai kiinua mgongo changu"

Nimesikia yote mawili wiki moja, kwenye ofisi moja. Anayeacha kwa notisi anadai mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hakuichukua, na cheti cha utumishi. Kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, kisichozidi miaka kumi, ni cha aliyeachishwa na mwajiri. Ukiacha kwa hiari usikiwekee bajeti.

Michango ya NSSF haipotei. Namba yako inabaki ile ile, na mwajiri mpya anaendeleza. Ila fao la upotevu wa ajira halimhusu aliyeacha kwa hiari.

Kama una mkopo SACCOS, nenda mwenyewe ukapange marejesho kabla ya siku ya mwisho. Makato ya mshahara yakikoma, anayeitwa ni mdhamini wako, na mara nyingi mdhamini ni mama mliyekaa naye meza moja miaka mitano.

"Andika barua uache mwenyewe, ndiyo salama yako"

Haya husemwa na upande wa pili wa meza. Mfanyakazi anaitwa, anawekewa karatasi na kalamu: andika unaacha, au tukufukuze. Nilishawahi kukaa chumba kama hicho, nikiwa mimi ndiye niliyeleta karatasi, na dada aliyeandika alikuwa akitetemeka mpaka herufi zikapanda mstari wa juu. Nilinyamaza. Sitanyamaza tena.

Usiandike papo hapo. Omba siku ya kufikiri. Sheria inahesabu kuwa mwajiri ndiye aliyekuachisha pale alipofanya kazi isivumilike hadi ukaacha. Kama ndivyo ilivyo, sababu hiyo ndiyo uiandike kwenye barua, kwa ukweli na tarehe za matukio, kisha upeleke shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Tume ina ofisi hapa hapa Dodoma. Ukiandika "nimeacha kwa sababu za kifamilia" kwa woga, utakuja kuhangaika kuipinga saini yako mwenyewe.

"Siku za mwisho ni za kuzurura tu"

Tulikuwa na mpishi mkuu hotelini, mtu wa Kondoa. Siku zake 28 zote aliingia saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida. Wiki ya mwisho akachukua daftari la kaunta, akaandika ukurasa kwa ukurasa: mitungi ya gesi mitatu, mmoja valvu inavuja, muuza mboga wa Majengo anadai, kiasi hiki, jokofu la nyama lisifunguliwe umeme ukikatika, kijana mpya anajua chapati, hajui pilau. Tulizunguka naye jiko zima tukihesabu sufuria, akasaini, nikasaini, akanikabidhi funguo mkononi.